Pole ya Pasca

Jua la siku ya pili lilikuwa linapanda na Pasca hajazikwa, na kilichomzuia asizikwe ni neno moja lenye herufi nne. Kaburi lilikuwa tayari. Vijana wa Koboko, kwao mume, walilichimba jana yake nyuma ya nyumba, karibu na mihogo aliyoipanda marehemu kwa mkono wake. Viti vya kukodi vilikuwa vimekuja, mchungaji alikuwa amekuja na kurudi. Jeneza lilikuwa sebuleni, madirisha wazi, na kila aliyetoka humo alitoka amejiziba pua na leso akijifanya analia tu.

"Shemeji, mimi hapana kuja kupigana," alisema Onzima. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mwashi kutoka Omugo, mtu wa sauti ya chini, na watu wa sauti ya chini ndio wagumu kuliko wote. "Nauliza tu, mara ya tatu. Nini iliua dada yetu?"

"Nimesema, shemeji," alijibu Afedra, mume wa Pasca. "Walimpasua kutoa uvimbe wa kizazi. Damu ikatoka mingi."

"Wewe ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa nje. Kwa benchi."

"Basi hiyo ni maneno ya benchi."

Watu wa Omugo waliguna. Walikuwa kumi na wanne, wamekaa upande mmoja wa uwanja, chai waliyoletewa imepoa mbele yao na hakuna aliyeigusa. Mtu akikataa chai yako kwenye matanga, ujue kazi unayo.

"Kwetu," Onzima aliendelea, "mutu anakufa, ule alimushika mwisho anakuja. Anasimama mbele ya watu, anasema ilikuwa hivi na hivi, halafu anapatia wenye maiti pole. Kama ni gari, dreva anakuja. Hata kama anajua tutamupiga, anakuja! Sasa Pasca alishikwa mwisho na dakitari. Iko wapi?"

Afedra aligeuka kutazama barabara ya Arua, mji wenye hospitali.

"Kesho saa sita mchana. Kama dakitari hapana kuja, tunabeba mtoto yetu, tunarudisha Omugo. Mutu hapana kuzikwa kwa nyumba yenye haijui nini ilimuua."

Hapo ndipo Afedra alipopiga hesabu. Pasca akizikwa Omugo, Mercy, binti yao wa miaka tisa, atakua bila kaburi la mama yake nyumbani. Na watu watasema. Walishaanza kusema. Asubuhi hiyo hiyo, kwenye foleni ya maji, mama mmoja aliulizwa kama ni kweli mume alikula njama na daktari wakauza figo. Figo! Mwanamume aliyekaa kwa muda wa saa saba kwenye benchi na thermosi ya uji mapajani.

Mama yake, Santina, alikuwa amesikia yote kutoka mlango wa jiko. Alifunga kitambaa kichwani, akachukua fimbo yake.

"Twende Arua," akasema. "Dakitari naye ni mutu. Mutu anaitwa, anakuja."

*

Hospitali ilikuwa ya watu binafsi, ghorofa moja, rangi mpya. Msichana wa mapokezi aliwaambia Daktari Lomoro, aliyempasua Pasca, hayupo. Gari lake lilikuwa pale uani, mlango wazi, koti jeupe kwenye kiti.

"Na ile gari?" Afedra aliuliza.

"Gari ipo. Yeye hayupo."

Walipogeuka kuondoka, nesi mmoja aliwafuata mpaka nje ya geti. Aliitwa Concy, na ndiye aliyemvua Pasca hereni kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji. Hakuwatazama.

"Mimi hapana kuongea na nyinyi," alisema. "Mimi naenda kununua chapati. Nyinyi pia kama mnaenda kununua chapati, barabara ni ya serikali."

Wakatembea pamoja, watu watatu wanaokwenda kununua chapati.

"Damu kwa friji ilikuwa chupa mbili," Concy aliiambia barabara. "Yeye alihitaji tano, sita. Dakitari aliachia mwenzake kushika mgonjwa, akatoka mwenyewe na gari yake, na ile gauni yenye damu, akazunguka mji mzima. Akarudi na moja. Wakaweka. Haikutosha."

"Kwa nini hawakuhesabu damu kabla ya kukata?" Sauti ya Afedra ilipanda.

Concy alilipia chapati ambayo hakuwa na njaa nayo. "Hiyo ndiyo yeye mwenyewe anajiuliza. Toka juzi hajala. Anakaa ofisini, amefunga mlango."

"Basi aje aseme hivyo hivyo!" Santina alidaka. "Hivyo hivyo tu, mwanangu! Nani anamushika?"

"Umoja umemkataza, mama. Nendeni kwa Umoja."

*

Umoja wa Madaktari wa Enyau una nyumba yake, na nyumba hiyo ina historia, tena imeandikwa ukutani kwa rangi ya dhahabu ili anayesubirishwa apate cha kusoma. Watu wa Arua waliporudi kutoka ukimbizini, Kongo na Sudan, katikati ya miaka ya themanini, mji ulikuwa umebaki na madaktari watatu. Walikuwa wakikutana chumba cha nyuma cha duka la chumvi. Waligawana zamu, waligawana mkebe mmoja wa nyuzi za kushonea, na walikula kiapo kwamba hakuna atakayeondoka bila kuwaaga wenzake. Mgonjwa wa mmoja wao akifa, wote watatu walikwenda matangani kwa baiskeli. Umoja wao ulianza hivyo, bila katiba wala muhuri.

Wananchi walipoona hivyo wakasema hawa tuwajengee nyumba wasije wakatukimbia. Wanaume walifyatua matofali. Wanawake walibeba mchanga kutoka mto Enyau. Ukuta una majina ya madaktari watatu na tarehe. Waliobeba mchanga hawakupata nafasi kwenye rangi ya dhahabu. Santina alibeba karai arobaini, akiwa na mimba ya huyu huyu Afedra.

Leo Umoja una wanachama zaidi ya sitini, mkutano mkuu hotelini, mlinzi getini na mwanasheria Kampala. Haki itendeke: ni Umoja uliopiga kelele mpaka mashine ya oksijeni ikaletwa mjini, na daktari asipolipwa mshahara ni Umoja unaomsemea. Lakini chombo kilichoundwa ili madaktari wasiwakimbie watu, siku hizi kazi yake kubwa ilikuwa kuwazuia watu wasiwafikie madaktari.

Karani aliwapa karatasi. Juu yake: FOMU YA MALALAMIKO.

"Mimi hapana kulalamika," Santina alisema. "Mimi nakuja kuita mutu kwa matanga."

"Hakuna fomu ya hiyo, mama."

Afedra aliijaza. Kazi yake huko Oraba, mpakani, ni kujazia wenye malori karatasi za forodha, na fomu haimtishi. Mlalamikaji: yeye. Mlalamikiwa: akasita, akaandika jina la Lomoro, na mkono ukawa mzito kana kwamba anamchongea mtu. Aina ya tukio: hapo palikuwa na visanduku vinne vya kutia alama, na kifo kilikuwa cha tatu, baada ya lugha chafu na kuchelewa kuhudumiwa.

Walikaa barazani tangu saa nne. Saa sita mlinzi akaja kuwaambia wasogee, gari la mwenyekiti linataka kivuli.

"Sogea wapi?" Santina alimuuliza. "Hii simenti unakanyaga, mchanga yake nilibeba na hii kichwa."

"Mama, mimi nimeajiriwa tu."

Wakasogea juani.

Saa nane walipokelewa na katibu wa Umoja, Daktari Shamim, mwanamke wa makamo aliyevaa mtandio wa buluu na uso wa mtu ambaye hajalala vya kutosha tangu mwaka jana. Aliwapa maji. Alisema taarifa imepokelewa. Alisema suala linashughulikiwa kwa uzito unaostahili.

Santina alimsikiliza mpaka akamaliza. "Mwanangu, wewe mutoto ya wapi?"

"Nimezaliwa hapa hapa, mama. Mtaa wa Oli."

"Basi Kiswahili iko."

"Iko, mama." Daktari Shamim alitabasamu kidogo.

"Sasa mbona toka tuingie hapa, na sisi tuko na maiti nyumbani, wewe hapana kusema pole?"

Tabasamu likazimika. Daktari Shamim alifungua droo, akatoa karatasi yenye nembo, akaiweka mezani bila kuisoma. Alionekana kuijua kwa moyo.

"Mwaka juzi," alisema, "mwenzetu mmoja alifiwa na mgonjwa. Akaenda matangani, akasema pole, akasema imeniuma. Kijana mmoja akamrekodi kwa simu. Wakaenda mahakamani. Mfasiri wa mahakama akatafsiri pole kwa Kiingereza akaandika sori. Hakimu akasoma sori, akasema huyu amekiri mwenyewe. Kliniki yake ilifungwa. Yuko Juba sasa, anauza dawa dukani. Basi mwanasheria wetu akatuandikia waraka: mwanachama asiseme sori kwa mtu yeyote mpaka kamati ikae."

"Lakini pole si sori!" Afedra alisimama bila kujijua.

"Najua."

"Pole ni pole! Hata ambaye hajafanya kitu anasema pole! Jirani anasema pole! Mpita njia anasema pole!"

"Najua, Bwana Afedra. Mimi ni mtoto wa Oli, unanifundisha pole? Mwanasheria hajui. Hakimu hajui. Kwa Kiingereza yote yanaangukia neno moja."

"Huyo mwanasheria," Santina aliuliza polepole, "kwao watu hapana kufa?"

"Ni Mganda wa Kampala, mama."

"Waganda kwa matanga wanasema nini?"

"Wanasema kitalo."

"Basi leta dakitari, aseme kitalo!"

Daktari Shamim alikaribia kucheka, kisha akafunika macho kwa kiganja, na kwa muda hakuna aliyejua anacheka au anafanya nini. Alipokiondoa alikuwa katibu tena. Kesho, alisema, atakuja mwenyewe Koboko. Ataleta barua rasmi ya Umoja, yenye muhuri. Na Daktari Lomoro atakuja naye.

"Yeye mwenyewe?" Afedra aliuliza.

"Ameomba mwenyewe, tangu juzi. Ni mtoto wa huko huko kwenu, Mkakwa. Anajua matanga. Lakini hatasema kitu."

"Yaani unatuletea bubu," Santina alisema.

Afedra alimgusa mama yake begani ili anyamaze. Mwanamume huyu alikuwa ameishi miaka kumi na mitano kwa mihuri. Oraba, lori la tani thelathini linasimama wiki nzima kwa kukosa muhuri mmoja, na muhuri ukigongwa linaondoka, hata kama ndani ni mawe matupu. Alidhani na wafu wanavuka hivyo. Njiani kurudi alimwambia mama yake mara mbili kwamba barua itakuwa na muhuri, na mama yake mara zote mbili alitazama nje.

*

Siku ya tatu sindano aliyochomwa marehemu ili asiharibike ilikuwa imeisha nguvu, na watu walikuwa wamehamishia viti upande wa upepo. Wageni wa Arua walifika saa tano na nusu. Walipoteremka kwenye gari watu walinyoosha shingo kumwona muuaji, wakamwona kijana mwembamba, shati halijapigwa pasi, macho mekundu. Daktari Lomoro alivua viatu mlangoni, akaingia sebuleni kulikokuwa na jeneza, akakaa humo peke yake kwa muda ambao watu wazima waliona ni mrefu. Hakujiziba pua. Alipotoka, mwanamke mmoja wa Omugo alimsogezea kiti bila kuambiwa na mtu. Ukiniuliza mimi, mambo yangeweza kuishia hapo.

Daktari Shamim akasimama, akafungua barua.

"Umoja umepokea kwa uzito taarifa ya tukio lililotokea hospitalini. Kamati ya wanachama watatu itaundwa kuchunguza mazingira ya tukio hilo na kutoa ripoti ndani ya siku tisini. Umoja unatambua hali ya familia na unaiomba iwe na subira wakati taratibu zikifuatwa."

Akaigeuza ili muhuri uonekane. Afedra aliutazama muhuri, kisha akamtazama Onzima.

"Umesema tukio," Onzima alisema.

"Ndiyo."

"Tukio ni nani? Tukio ndiyo Pasca?"

Daktari Shamim aliikunja barua. "Ni lugha ya barua, mzee."

"Mimi hapana soma sana. Lakini nimesikiliza. Jina yake haiko ndani. Siku tisini iko, kamati iko, Pasca haiko." Akamgeukia kijana. "Dakitari. Wewe ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa," alisema Daktari Lomoro.

"Mimi nauliza vizuri. Hakuna mutu anashika fimbo hapa, angalia. Dada yangu iliuawa na nini?"

Daktari alivuta pumzi. Mdomo ulifunguka, na kila aliyekuwa pale aliona kwamba maneno yapo, yamejaa mpaka kwenye meno. Daktari Shamim alimgusa mkono, kidogo tu, kwa vidole viwili.

"Kamati itachunguza," alisema Daktari Lomoro.

"Aaah!" Kelele ilitoka upande wa Omugo kwa pamoja.

Ndipo Afedra alipovunjika. Alikuja katikati ya uwanja, mtu mzima mbele ya wakwe zake na majirani zake, akapiga magoti kwenye vumbi. "Dakitari, mimi sikushitaki. Leta karatasi, nitaandika, nitaweka sahihi, nitaweka na dole gumba, sitashitaki maisha yangu yote! Ulitafuta damu, najua. Ulizunguka na gari yako. Sema hivyo tu. Sema damu ilikosa. Wanamchukua mke wangu!"

"Nani alikuambia habari ya damu?" Daktari Shamim aliuliza haraka.

Afedra alimkumbuka Concy na chapati yake, akafunga mdomo. Sasa na yeye alikuwa na siri ya Umoja. Machozi yalikuwa yanamtiririka daktari mpaka kwenye ukosi wa shati, na aliyaacha, kwa kuwa machozi hayakutajwa kwenye waraka.

"Shemeji, simama," Onzima alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na huruma. "Si wewe. Sasa naona si wewe. Lakini hapa hakuna mwenyewe ya hii kifo, na mimi siwezi kuacha yeye kwa kifo yenye haina mwenyewe." Akawapungia vijana wake. "Beba."

Wanne waliingia ndani. Wanawake walianza kupiga mayowe ya uchungu. Jeneza lilitoka mlangoni kwa ubavu, likainuliwa mabegani, na badala ya kuzungushwa nyuma ya nyumba likageuzwa kuelekea barabarani, pikapu iliposubiri. Mercy alikuwa amekalishwa na shangazi zake. Aliuliza kwa sauti, "Mama anaenda wapi?" na shangazi wote wanne walikumbuka kwa pamoja kwamba wana kazi ya kulia.

Santina hakuweza kuvumilia. Aliitupa fimbo, akakimbilia jeneza, mikono mbele. "Mwacheni! Mwacheni mwanangu! Yeye alinipikia mimi miaka kumi, mwacheni!" Bibi wa miaka sitini na saba hakimbii bila fimbo. Mguu ulijikwaa kwenye kiti kilichopinduka, akaenda chini mzima mzima, goti likapiga jiwe.

"Pole! Pole, mama! Pole, pole sana, mama yangu!"

Alikuwa Daktari Lomoro. Alishafika, alishapiga magoti, mguu wa mama mzee mikononi mwake, vidole vinapapasa goti kama vilivyofundishwa, na neno lilikuwa limetoka mara nne kabla yeye mwenyewe hajalisikia. Kisha akalisikia. Uwanja mzima ulikuwa umelisikia. Mayowe yalikatika. Vijana wa Omugo walisimama na jeneza begani, mguu mmoja mbele.

Santina alikuwa amekaa vumbini, kitambaa kimemtoka, mvi zake nje mbele ya watu. Alilitazama goti, lilikuwa linatoka damu. Akamtazama kijana.

"Hiyo ni ya goti," alisema. "Ya Pasca iko wapi?"

Midomo ya daktari ilisogea. Daktari Shamim alikuwa amesimama nyuma yake na barua mkononi, naye safari hii hakumgusa. Alikuwa ametazama pembeni kabisa, kwenye mihogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kufanya ambacho yeye hatakiona. Walimngoja. Onzima alimngoja, Afedra alimngoja, wabebaji walimngoja, mpaka mmoja wao, kijana wa mbele kushoto, akasema jeneza linamkata bega. Basi wakalipakia kwenye pikapu.